Maswali ya Wasomaji: Choki au Balasti ya Kidijitali kwa Taa za Miche?

Barua sita za toleo hili zimetoka Dodoma na jirani zake, na zote zinazunguka kifaa kimoja: kile kinachokaa kati ya umeme wa ukutani na taa ya kukuzia mimea ndani ya chumba, na kudhibiti mkondo unaoingia kwenye taa. Ya chuma yenye waya wa shaba mafundi huiita choki. Yenye bodi ndani huuzwa kama balasti ya kidijitali au ya elektroniki. Barua tumezifupisha.

SWALI: Mbukwenyi wahariri. Nina chumba cha mita 3 kwa 4 huku Nzuguni, naotesha miche ya pilipili hoho na saladi. Nimepata taa mbili za sodiamu za wati 400, zile za mwanga wa chungwa. Duka moja lina choki, jingine lina balasti za kidijitali kwa bei inayokaribia mara tatu. Muuzaji anasema ya kidijitali itanirudishia hela kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Nichukue ipi? (Mama wa miche, Nzuguni)

JIBU: Mama, hoja ya LUKU iweke pembeni, maana ndiyo dhaifu kuliko zote. Choki nzuri ya wati 400 pamoja na taa yake hula kama wati 440. Ya kidijitali ikiipa taa wati 400 zilezile hula kama 425 hadi 430. Tofauti ni wati 10 hadi 15. Ukiwasha saa 12 kwa siku, wati 15 kwa mwezi ni uniti 5.4. Kama risiti yako inaonyesha shilingi 356 kwa uniti, hiyo haifiki elfu mbili kwa taa moja. Itachukua muda mrefu sana kurudisha tofauti ya bei mara tatu.

Cha kuuliza ni umeme wa kwako ukoje. Azima multimita, pima volti kwenye soketi ya chumba hicho kwa siku tatu: alfajiri, saa nane mchana, na kati ya saa moja na saa nne usiku watu wakiwa wanapika na kuangalia televisheni. Kisha washa pasi kwenye soketi ya jirani na upime tena, hapo na kwenye meni swichi. Volti zikishuka chumbani tu, nyaya zako ni nyembamba au kuna maungio yaliyolegea, na hakuna balasti itakayotibu hilo. Zikishuka hata kwenye meni swichi, tatizo liko kwenye laini inayokuja.

Umeme ukiwa mdogo lakini umetulia, tuseme 205 hadi 215 kila jioni, balasti ya kidijitali ina faida ya kweli. Nyingi hushikilia wati zilezile ndani ya volti 200 hadi 250, soma kibandiko. Choki haiwezi hivyo. Volti zikipungua kwa asilimia 10, nguvu ya taa ya sodiamu hupungua kwa karibu moja ya tano, na miche hurefuka shingo ikitafuta mwanga.

Lakini kama shida yako ni kukatika na kurudi kwa kishindo, au radi za Desemba hadi Aprili, chukua choki. Ni shaba na chuma, kilo nne hivi, na mshituko unaoua bodi mara nyingi huiachia mvumo tu. Ndani ya ile ya kidijitali kuna kapasita za elektroliti (vifaa vidogo vya kutunza chaji) ambazo joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wao hupungua kwa nusu hivi. Ziweke kwenye chumba kilichofungwa mwezi wa Oktoba, vumbi la kiangazi likiwa limeziba mapezi ya kupozea na feni, nawe utajua kwa nini huungua mapema. Choki ikiungua, unabadilisha choki. Bodi ikiungua, mafundi wengi watakuambia ununue nyingine.

Kwa Nzuguni, bila kuona vipimo vyako, sisi tungeanza na choki. Ukisimama dukani soma vitu vitatu juu yake. Kwanza, 230V 50Hz. Pili, kama ina vituo vya 220, 230 na 240, fundi aunge kile kinacholingana na volti ulizopima. Ukiunga 220 kwenye umeme wa 245, choki itachemka na taa itazeeka haraka. Ukiunga 240 kwenye umeme wa 210, utalalamika kwamba taa ni hafifu. Tatu, alama tw, kwa mfano tw130, ambayo ni nyuzi joto ambazo nyaya za ndani zimekusudiwa kuzivumilia mfululizo kwa miaka kumi, na Δt, ambayo ni nyuzi zinazoongezeka juu ya joto la chumba. Δt ya 65 kwenye chumba cha nyuzi 35 inakupa 100, kwa hiyo una nafasi. Ifunge kwenye ubao usioungua au juu ya bati, kamwe si kwenye dari ya mbao.

Choki ya sodiamu haifanyi kazi peke yake. Kila taa inahitaji ignaita, yaani kifaa kinachopiga volti kubwa za kuiwasha, na kapasita ya mikrofaradi 50, volti 250 AC, yenye rezista ya kuimwaga chaji. Laini inapita breka, inaingia choki, inatoka kwenda ignaita, kisha kwenye kitako cha katikati cha holda. Nyutro inaenda kwenye ganda la nje la holda na kwenye ignaita. Kapasita inakaa kati ya laini na nyutro, kabla ya choki. Holda iwe ya kauri, E40, ya kuhimili volti 5,000, kwa sababu ignaita hupiga 4,000 hadi 5,000 wakati wa kuwasha. Ndiyo maana ignaita inakaa karibu na taa, na ndiyo maana hutakiwi kubadilisha taa swichi ikiwa imewashwa.

Kapasita haipunguzi uniti za LUKU, maana mita ya nyumbani haihesabu ile nguvu inayokwenda na kurudi. Inapunguza mkondo: bila kapasita taa moja huvuta ampea 4.5, ikiwepo huvuta 2.2 hivi. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya aina C ya ampea 10 kwa taa zote mbili. Saa ya kuwashia ya plastiki iwashe kontakta (swichi nzito inayoendeshwa na umeme), isiwashe taa moja kwa moja, la sivyo vijiti vyake vitagandana na taa itawaka siku nzima.

Taa ya sodiamu ikizimika ikiwa ya moto, hukaa dakika moja au mbili kabla ya kuwaka tena. Ya metali halaidi, ile ya mwanga mweupe, hukaa dakika 10 hadi 15. Friji gadi ya ampea za kutosha, inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme, inafaa aina zote mbili za balasti. Stabilaiza za kubadili hatua kwa rilei huzima taa mara kwa mara zinapobadili. Ukinunua, tafuta ya mota, na kwa taa mbili isiwe chini ya kVA 2.

Jambo moja ambalo hukuuliza: kama chumba hicho kina ua, miche itakaa vizuri zaidi chini ya neti ya kivuli mchana, na taa zibaki kwa siku za kuota tu.

SWALI: Nina rafu ya tubelaiti nane za futi nne, wati 36, kwa ajili ya miche ya nyanya. Choki na stata zinasumbua. Je, hapa nako mtasema nibaki na choki? (Msomaji, Mpwapwa)

JIBU: Hapana, hapa hesabu inageuka. Tubu ya wati 36 kwenye choki hula kama wati 44 jumla. Kwenye balasti ya elektroniki tubu huendeshwa kwa wati 32 tu, jumla ikawa 36, na mwanga ukabaki uleule kwa sababu tubu hutoa mwanga zaidi kwa kila wati kwenye masafa ya juu. Kwa tubu nane unaokoa wati 64; kwa saa 16 kwa siku ni uniti karibu 31 kwa mwezi. Hapo elfu kumi ya mwezi inaonekana. Stata nazo zinaondoka kabisa.

Chagua inayopasha moto ncha za tubu kabla ya kuwasha. Zile za bei ya chini zinazowasha papo hapo hula ncha, utaona weusi unaingia mapema. Balasti moja kwa tubu mbili inatosha, na ziweke nje ya rafu, juu, ambapo maji ya kunyunyizia hayafiki. Tubu zikae sentimita 10 hadi 15 juu ya majani. Ukija kuhamia T5 (tubu nyembamba) za wati 54 usiulize choki, hizo ni za elektroniki tu.

Kabla ya kutupa choki za zamani, zipime ili upate za akiba: choki nzima ya wati 36 husoma kama om 25 hadi 40. Isiposoma chochote imekatika. Ikisoma kitu kati ya waya na ganda la chuma, imeshoti, itupe.

SWALI: Shemeji yangu ameniletea kutoka Marekani balasti mbili za chuma za wati 600. Zimeandikwa 120/240V, 60Hz. Fundi anasema tuunge tu kwenye 240. (Mkulima, Chamwino)

JIBU: Fundi ameangalia volti, hakuangalia hezi (Hz), yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu ni 50Hz. Choki ya 60Hz ikiletwa huku ukinzani wake unapungua kwa moja ya sita, mkondo unapanda kwa asilimia 20 au zaidi, na chuma kinashiba sumaku. Itavuma kwa nguvu, itanuka, kisha itaungua, na taa ikienda nayo. Transfoma ya kushusha volti haisaidii hata kidogo, kwa sababu haibadilishi hezi.

Laiti shemeji angeleta za kidijitali zilizoandikwa 120–240V, 50/60Hz, hizo zingekubali bila shida, kwa sababu hugeuza umeme kuwa wa moja kwa moja kwanza. Hizi ulizonazo thamani yake ni shaba na maboksi.

SWALI: Balasti ya kidijitali ya wati 600 ikiwaka, redio ya jirani inakoroma. Ameanza kukasirika. Halafu ina kitufe cha 50%, 75%, 100% na “super”. Nikiweke wapi? (Msomaji, Ihumwa)

JIBU: Jirani yako bila shaka anasikiliza masafa ya kati, FM huguswa kwa nadra. Balasti hiyo huendesha taa kwa makumi ya maelfu ya hezi, na waya kati yake na taa umekuwa antena. Ufupishe uwe mita mbili au tatu, usiuzungushe kama kamba ya ng'ombe, na nyaya zake mbili zisokotwe pamoja. Funga waya wa ethi kwenye bati la kuakisi na kwenye boksi la balasti. Pitisha waya wa taa ndani ya kipande cha feraiti (pete ya sumaku inayozuia mawimbi ya redio) karibu na balasti. Mara nyingi hayo hutosha kurudisha ujirani.

Kitufe kiache 100%. Taa ya sodiamu kwenye 50% hutoa chini ya nusu ya mwanga wake, kwa hiyo unalipia joto. Ukilazimika kupunguza, iache iwake kwa nguvu zote dakika 15 kwanza. “Super” hufupisha umri wa taa. Na usiweke humo taa ya metali halaidi kama haikuandikwa kwamba inakubali balasti ya masafa ya juu: moto wa ndani huanza kucheza kama nyoka, na kioo cha ndani kinaweza kupasuka.

SWALI: Taa yangu ya sodiamu ya wati 400 yenye choki huwaka vizuri, baada ya dakika kumi inazima, inapoa, inawaka tena, siku nzima. Fundi amebadilisha kapasita mara mbili. (Msomaji, Veyula)

JIBU: Kapasita ya mzunguko huu ikifa, taa huendelea kuwaka kama kawaida, kitakachoonekana ni mkondo mkubwa na pengine breka kukata. Ugonjwa wako ni wa taa iliyozeeka. Volti za taa mpya ya wati 400 ni kama 100. Kadiri inavyozeeka zinapanda, hadi umeme unashindwa kuushikilia moto nayo inajizima. Badilisha taa. Kama mpya nayo inafanya hivyo, pima volti saa inapozima, huenda laini inashuka. Usiiache ikiendelea kuwaka na kuzima kwa wiki nzima, ignaita ndiyo itakayofuata kufa.

SWALI: Huku Manyoni nina sola na betri moja ya 12V, 200Ah. Inveta inaweza kuwasha taa ya wati 400 umeme ukikatika? (Msomaji, Manyoni)

JIBU: Itawasha, lakini hesabu uniti zako. Betri hiyo ina kama uniti 2.4, na ukiitunza hutumii zaidi ya nusu. Kwa mzigo wa wati 440 na upotevu wa inveta, saa mbili na nusu hazifiki.

Inveta ya wimbi lisilo safi usiiunge na choki yenye kapasita. Kapasita huvuta mkondo mkali kwenye kila pembe ya wimbi lile, inachemka na kuvimba. Balasti za kidijitali nazo nyingi hazilipendi. Kama ni lazima, pata inveta ya wimbi safi ya angalau wati 1,000. Miche ikikosa mwanga usiku mmoja haifi; umeme usiporudi kufikia asubuhi, itoe trei nje chini ya neti, ukianzia kivuli kizito, maana majani yaliyozoea taa huungua kwa jua la saa sita.