Maswali ya Wapanda Mlima: Pumzi ya Kibo Haitoshi Kwenye Theluji

SWALI: Wahariri, salamu. Naongoza wageni Kilimanjaro, zaidi njia ya Marangu. Wawili niliowapandisha tumekuwa marafiki na wamenialika kwao Tirol, Austria, mwezi Februari. Wanataka tutoke siku nzima na wenzao, tupande mlima kwa ski (mbao ndefu nyembamba za kutelezea juu ya theluji) kwa miguu yetu, mbali na mashine za kuvuta watu, kisha tushuke kwa ski hizo hizo. Pumzi ninayo. Ski sijawahi kuvaa. Nijiandae vipi?
– Mwongozaji, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Pumzi tuiweke kando, maana haitakusumbua. Safari nyingi za siku moja za huko huishia kati ya mita 2,000 na 3,000. Kambi ya Mandara peke yake ni mita 2,720, na ile ya Horombo, mita 3,720, huenda msiifikie kabisa. Kundi la kawaida hupanda mita 300 hadi 400 za kimo kwa saa. Kwa mtu aliyezoea kutoka kambi ya Kibo saa sita usiku, huo ni mwendo wa kupiga soga. Unachokosa ni viwili: kushuka, na kuijua theluji.

Kuhusu kushuka tuseme wazi. Asiyewahi kuvaa ski asianzie porini. Waombe wenyeji wako siku tano au sita na mwalimu kwenye njia zilizosawazishwa kwa mashine. Za buluu ni rahisi, nyekundu wastani, nyeusi ngumu. Ukiweza kushuka nyekundu ukisimama pale unapotaka wewe, hapo mzungumzie safari. Siku zikiwa chache, kodi viatu vipana vya kukanyagia theluji na mchague njia fupi isiyo na mwinuko mkali, ukijua kwamba wenzako watakusubiri wakati wa kushuka.

Vifaa vyote hukodishwa huko. Buti lichague kwa subira: livae dukani nusu saa, tembea nalo, kunja magoti. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja goti virudi nyuma. Fundi atapima urefu wa soli ili kurekebisha kifungio cha ski, kisha ataweka nguvu ambayo kifungio kitaachia buti ukianguka, kwa kuangalia uzito, urefu, umri na uwezo wako. Sema ukweli kwamba unaanza. Ukijitapa, siku ya kuanguka kifungio hakitaachia, na goti ndilo litakalolipa.

Wakati wa kupanda, chini ya ski hubandikwa utepe mrefu uitwao ngozi (zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli). Vinyweleo vyake vimelala kuelekea nyuma, kwa hiyo ski husonga mbele bila kurudi. Ncha ya buti hushikwa na pini mbili, kisigino kinabaki huru. Anayeanza huinua mguu kama anapanda ngazi na kuchoka mapema. Usiinue, buruta. Ngozi zikianza kuteleza, usiiname mbele: simama wima, uzito uende kisiginoni, ngozi ishike kwa upana wake wote.

Ngozi huharibiwa na theluji inayoingia upande wa gundi. Ukiibandua, ikunje gundi kwa gundi na uiweke ndani ya koti, ipate joto la mwili. Ikikaa baridi begini huenda isishike tena, na ndiyo maana watu hubeba mikanda ya mpira ya kuifungia.

Mkifika juu, vaa koti zito kabla ya kugusa kitu kingine. Tafuta pahali tambarare ndipo uvue ski, kwa sababu iliyoponyoka hairudi. Bandua ngozi, kaza buti, na uhamishe wenzo wa nyuma ya buti kwenye hali ya kushukia. Kwangua barafu kwenye vitundu vya pini kabla ya kukanyaga. Mwisho angalia wenzo wa mbele wa kifungio: ukibaki kwenye hali ya kupandia, buti halitachomoka ukianguka. Hili husahaulika kuliko mengine yote.

Sasa lile ambalo Kibo haikukufundisha. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka lililokazwa na upepo likikalia chembe zisizoshikana, zinazomwagika kama sukari, uzito wa mtu mmoja unatosha kulikata bamba zima na kulishusha. Hutokea zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na mara nyingi anayefunikwa ndiye aliyeliamsha, yeye au mwenzake.

Huko Tirol taarifa ya hatari hutolewa saa 11 jioni ya siku inayotangulia, kwa ngazi 1 hadi 5. Ngazi ya 3 inadanganya kwa sababu iko katikati. Hatari ni kubwa, lakini mlima bado unavutia, na wengi hufia hapo. Kanuni ya kuanzia: ngazi ya 2 msizidi nyuzi 40, ya 3 msizidi 35, ya 4 msizidi 30. Mkisikia mvumo mzito chini ya ski, mkiona nyufa zikikimbia mbele yenu au maporomoko mapya jirani, geuzeni. Nyumbani umezoea kumrudisha mgeni chini bila kumwonea haya. Huko mgeni ni wewe, na bado una haki ya kusema turudi.

Neno moja la bima. Bima ya viza ya Schengen lazima ifikie angalau euro 30,000, lakini hiyo haimaanishi kwamba inalipia ski nje ya njia rasmi, wala helikopta ya uokoaji. Soma masharti. Namba ya uokoaji mlimani Austria ni 140.

SWALI: Mgeni aliniachia kifaa cha kumtafuta mtu aliyefukiwa na theluji. Ni cha zamani, kina antena moja. Nikimpa rafiki anayesafiri kitamfaa?
– Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Kwa mazoezi tu. Safarini akodi chenye antena tatu, pamoja na koleo la chuma na fito ya kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa, yenye urefu wa sentimita 240 au zaidi. Vifaa hivi vyote hutumia masafa ya kilohezi 457, hivyo cha zamani kitasikika, ila kukitafutia mtu kunachukua muda, na muda haupo. Kati ya wanaofukuliwa ndani ya dakika 10, takriban 9 kwa 10 hupona. Zikifika 30, ni kama 3 kwa 10. Hakuna helikopta itakayowahi. Waokoaji ni marafiki walio hapo.

Kifaa huvaliwa chini ya koti na huwashwa mlangoni, si mlimani. Simu ikae sentimita 20 mbali nacho, na wakati wa kutafuta sentimita 50. Mkikaribia, kishusheni hadi usoni pa theluji, kisha chomeni fito kwa mzunguko unaopanuka, sentimita 25 kati ya tundu na tundu. Ikigusa mtu, iacheni palepale. Chimbeni kutoka upande wa chini wa mteremko, si juu ya kichwa chake. Zoezi linawezekana hata Arusha: ficheni kifaa kilichowashwa ndani ya gunia, mlizike kwenye rundo la maganda ya kahawa, mpimane kwa saa.

SWALI: Mbona Kibo hatusikii maporomoko ya theluji?
– Mpagazi, Moshi

JIBU: Theluji ya Kibo ni chache na haikai muda mrefu, jua kali huimaliza kabla haijarundikana tabaka nene. Barafu nayo imepungua kwa asilimia 85 hivi kati ya 1912 na 2007. Kinachoporomoka kwetu ni mawe. Januari 2006 mawe yaliua Wamarekani watatu njia ya Western Breach. Barafu inayoyashika usiku hulegea jua likipiga, kwa hiyo pale panapojulikana kudondosha mawe pitisheni wageni alfajiri, wakiwa na helmeti, bila kupumzika chini ya mkondo wa mawe.