Muulize Shangazi: Nimepungua kilo 23, sasa kila mtu ananiuliza naumwa nini

Shikamoo shangazi. Mi ni mama wa watoto wawili, miaka 36, naishi Tabata. Mwezi wa tatu nlikua na kilo 91, harusi ya mdogo wangu ilikua inakuja na sare yenyewe ya kubana, nikaingia dayati ya mayai, asubuhi mayai mawili na tango, usiku tango tena na maji ya ndimu, wali na ugali nikaviaga kabisa. Miezi 4 nikafika kilo 68. Tumbo limeisha, nguo zinakaa, ila uso shangazi! Mashavu yamezama, chini ya macho kumeingia mashimo, shingo imelegea kama ya kuku, na nikichana nywele chanuo linatoka na fungu zima. Kwenye harusi badala ya kuambiwa nimependeza watu wakawa wananivuta pembeni, "mwaya, una nini?", jirani mmoja nimesikia anawaambia wenzie eti nimekanyaga miwaya, yani nina ukimwi. Mama mkwe ndo kabisa, kampigia simu mume wangu kamuuliza kwani huko kwenu hamli? Nimechoka. Nirudi kula ninenepe mashavu yarudi au nivumilie?

Marahaba mwanangu, na pole na hao wa kukuvuta pembeni. Kurudi kilo 91 hapana, kwanza hamna wa kukuhakikishia kwamba kilo zikirudi zitaanzia mashavuni, zinaweza kwenda zote kiunoni ukabaki na uso huo huo na tumbo juu yake.

Kilichotokea ni hivi. Ndani ya uso wa kila mtu kuna vifuko vya mafuta, mashavuni, kwenye panja, chini ya macho, na hivyo ndo vinavyoishikilia ngozi ikae imejaa. Mwili ukianza kuyala mafuta yake haukuulizi uanzie wapi, unakula ya tumbo unakula na ya uso, sasa ngozi yako imekaa miaka imenyooka kwa kipimo cha uso wa kilo 91, halafu ndani ya miezi 4 vifuko vimekwisha, imebaki kama foronya kubwa kwenye mto mdogo. Kinachoirudisha ngozi ni nyuzi zake, kolajeni na elastini, na hizo umri ukienda zinapungua na zinapoteza nguvu, ndo maana binti wa miaka 22 akitoa kilo 15 uso unajirudia wenyewe, wa miaka 36 anasubiri, na sisi wa 50 na ushee tunasubiri zaidi. Sigara na jua kali navyo vinaila ngozi, sijui kama unavuta, hukusema.

Ila umri sio kesi yako hasa, kesi yako ni haraka. Kilo 23 kwa miezi 4 ni kilo moja na robo na zaidi kila wiki, wakati wataalamu wanashauri nusu kilo mpaka kilo moja. Na sio mafuta matupu yaliyotoka, yai moja lina kama gramu 6 za protini, mawili gramu 12, na mtu wa kilo 68 anahitaji zisizopungua 54 hivi kwa siku, kwahiyo mwili ulipokosa ukaenda kujikatia kwenye misuli yako mwenyewe. Ndo hiyo sura ya kuchoka unayoiona kwenye kioo. Huko Marekani wanaotumia sindano za kupunguza uzito wameshaupa uso huu jina, wanauita uso wa Ozempic, Ozempic ni jina la sindano mojawapo, watu wakadhani dawa inakula mashavu, kumbe ni hii hii habari ya kilo nyingi kutoka kwa muda mfupi, wewe umeipata kwa tango.

Nywele zisikutishe sana. Mwili ukipata mshtuko, iwe uzazi, homa kali au njaa kama yako, mizizi mingi ya nywele inaenda kupumzika kwa pamoja na baada ya miezi miwili mitatu nywele zinadondoka, afu zinaota tena, mara nyingi ndani ya miezi 6 inaacha. Kama haiachi nenda ukapime wingi wa damu, maana upungufu wa madini ya chuma nao unatoa nywele na kina mama tunakua nao bila kujua.

Sasa ufanyeje. Dayati ya mayai iishie hapo leo, baki kwenye 68, ukiongezeka mpaka 70 au 71 usilie. Kula dagaa, maharage, samaki, choroko, mtindi, na hayo mayai yakae na ugali wa kiasi chako. Nyanyua vitu vizito, mi natumia madumu ya lita 5 nimeyajaza maji, mara tatu kwa wiki, misuli ikirudi hata mkono na bega vinajaa na mtu hakuoni umenyauka. Ngozi ipe mwaka, hata miwili, itajivuta kiasi chake, siwezi kukuahidi itarudi yote. Krimu za kukaza ngozi wanazouza wasap elfu 60 waachie wenyewe, hamna krimu inayojaza kifuko cha mafuta kilichokwisha.

Nikuambie na la kwangu. Mi nlitoa kilo 17 kwa mwaka na nusu baada ya kuambiwa sukari imeanza kupanda, na daktari kabla hata hajanitoa damu aliiangalia shingo yangu. Shingo nyuma ilikua nyeusi, imekua nene kama ngozi ya mtu mwingine, na mi kwa miaka nlikua naisugua na dodoki na sabuni ya kipande nikidhani ni uchafu, hadi nachubuka! Kumbe weusi ule mara nyingi ni dalili kwamba insulini, ile homoni inayosaidia sukari iingie kwenye seli, haifanyi kazi vizuri mwilini. Kilo zilivyokua zinashuka shingo ikawa inatakata yenyewe, dodoki nikalitundika. Kwahiyo kupungua sio kuzeeka tu, kuna sehemu kunakurudisha.

Ila vituko pia nimeviona. Siku moja nakanda unga wa chapati za wageni, namaliza nakata madonge, naangalia kidole, pete haipo. Madonge 22 tuliyapasua moja moja mi na binti yangu, pete imo kwenye la kumi na tisa, wageni wako sebuleni wanauliza mbona chai inachelewa. Benki dada wa dirishani aliangalia kitambulisho, akaniangalia mimi, akaangalia tena kitambulisho, akaita na mwenzie. Na fundi wangu wa cherehani, ananipima gauni nlilompelekea apunguze, ana pini mdomoni, ananiuliza kwa sauti ya chini "mama, lakini uko salama?" Nlimuelewa alikua anauliza nini.

Na hapo ndo kwenye jirani yako. Mi nimekulia Bukoba. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walionekana kule Kagera 1983, kabla watu hawajajua jina la ugonjwa wakauita Juliana, jina la nguo zilizokua zinavuka mpaka kutoka Uganda, na Waganda wenyewe walikua wanauita Slim, yani wembamba ndo ulikua jina la ugonjwa. Tumeona watu wanaisha mashavu, afu mkono, afu tunaenda kuzika. Kwahiyo mtu wa rika langu akiona mashavu yamezama kichwa chake kinakimbilia huko kabla hajafikiri, hata kama hana ubaya. Lakini sa hivi hesabu hiyo imekufa, mtu anayemeza ARV vizuri ananenepa na kung'aa kuliko wewe na mimi, na mwembamba anaweza kua ni tango tu. Jirani huwezi kumpima kwa macho na yeye hawezi kukupima wewe. Usimpelekee cheti cha majibu, hana haki nacho.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, wa 2015, walikuta mwanamke wa urefu wa kawaida akipungua au akiongezeka kama kilo 3 na nusu tu, na mwanaume kilo 4, watu wanaona tofauti usoni. We umetoa 23! Ulitegemea wanyamaze?

Mama mkwe mwalike Jumapili. Pika, keti nae, ule mbele yake mpaka shibe, chukua na nyongeza. Maneno ya mwanae kwenye simu hayatamtosha, huyo anataka kuona mdomo unatafuna.

Shikamoo shangazi. Mi dereva wa daladala hapa Morogoro, kutwa nimekaa. Nimeacha soda na chipsi, kilo 6 zimetoka, ila kitambi kipo pale pale! Uso ndo umekonda mpaka stendi wananiita babu na nina miaka 41. Kuna jamaa kaniambia nijizungushie nailoni tumboni nikikimbia asubuhi, mafuta yatoke kwa jasho. Kweli?

Marahaba baba. Si kweli, hiyo nailoni itakupikia ngozi bure. Jasho ni maji na chumvi, ukinywa chupa mbili limerudi lote. Unajua mafuta yanatokea wapi? Puani! Wanasayansi wawili wa Australia walipiga hesabu 2014 wakaonyesha kwamba mtu akichoma kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya ukaa anapopumua na 1.6 tu ndo zinakua maji. Kwahiyo ukikimbia unahema hapo ndo kazi inafanyika, nailoni haina mchango. Na huwezi kuuamrisha mwili utoe tumboni uache uso, kila mtu kapangiwa foleni yake. Ila usimuamini kioo peke yake, nunua futi kamba ya fundi, jipime kiunoni usawa wa kitovu kila baada ya wiki mbili, saa ile ile, kabla ya chai. Mafuta ya ndani yanayozunguka utumbo na ini yanaweza kua yanapungua wakati kwa nje unaona kitambi kile kile, na hayo ya ndani ndo mabaya zaidi. Hao wa stendi waambie babu anaongeza nauli.

Habari shangazi, natumaini u mzima. Langu dogo, la nguo. Mi ni mwalimu Arusha, nina miaka 47. Toka mwezi wa sita nimepungua kutoka kilo 78 hadi 69, sijafanya dayati wala mazoezi, nakula kama kawaida, tena siku hizi nakula sana na maji nakunywa balaa, hadi usiku naamka mara tatu kwenda chooni. Ofisini wote wananisifia, wanasema nimerudi ujana. Suti zangu nne zinanipwaya. Nizipeleke kwa fundi azipunguze au ninunue mpya?

Mwalimu, suti hazinihusu leo. Kilo 9 kati ya 78, miezi mitatu, bila kufanya chochote, nimeisoma barua yako nikainuka kwenye kiti. Mtu akipoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia anatakiwa kuonwa na daktari, wewe umepita asilimia 11. Na hiyo kiu, hayo maji, huko kuamka usiku, njaa na bado unaisha, ni dalili za sukari kabisa, sukari ikishindwa kuingia kwenye seli mwili unaanza kujila na nyingine inatoka kwenye mkojo. Sisemi ndo hiyo, inaweza kua tezi la shingo, inaweza kua kifua kikuu, kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi mwambie daktari, vipimo na dawa za TB hospitali za serikali ni bure, na virusi nao upime, hamna aibu hapo. Lakini sukari ianze. Na ukianza kutapika, tumbo kuuma au kuhema kwa nguvu usingoje asubuhi, nenda usiku huo huo.

Wanaokusifia hawana kosa, wameona suruali inapwaya hawajaona choo cha saa 9 usiku. Nenda kesho, ukifika sema kilo ulizopoteza na muda, usiseme tu "najisikia uchovu", watakupa panadol urudi nyumbani. Suti ziache kabatini zisubiri majibu, maana ukianza matibabu huenda ukazijaza tena zote nne.