Maswali na Majibu: Video ya Babu Iwafikie Wajukuu Bila Kuchakaa

SWALI: Ndugu mwandishi, salamu kutoka Igoma, Mwanza. Mwezi uliopita ukoo wetu ulifanya shukrani wilayani Magu kwa ajili ya babu yetu aliyetimiza miaka 80. Nilirekodi kwa saa mbili hivi kwa kamera ya mkononi inayohifadhi video kwenye kadi kwa mfumo wa AVCHD: saa ya kwanza ni ngoma ya Bagika iliyochezwa ufukweni, na saa ya pili ni babu akisimulia jinsi ukoo ulivyohamia kando ya ziwa. Niliingiza kwenye kompyuta mafaili yanayoishia na MTS nikayaunganisha, lakini kila baada ya dakika ishirini na kitu sauti ya babu inaruka na neno zima linapotea. Wachezaji wakitikisika, kingo za mikono yao zinaonyesha mistari kama meno ya kitana. Tena faili la video niliyokwisha kuiunganisha linakataa kuingia kwenye flashi ya GB 32 ambayo ni tupu kabisa. Kadi bado sijaifuta. Nifanye nini? — Msomaji, Igoma.

JIBU: Ndugu yangu, kutoifuta kadi ndiko kunakoiokoa kazi yako yote. Kabla hujaendelea kusoma, itoe kwenye kamera na usogeze kile kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa kadi ya SD hadi upande wa kufunga, ili mtu mwingine wa nyumbani asije akarekodi juu ya maneno ya babu.

Tuanze na sauti inayoruka. Kadi za SD zenye ukubwa wa hadi GB 32 kwa kawaida hupangwa kwa FAT32, ambao ni mfumo wa kupanga mafaili, na mfumo huo haupokei faili moja linalozidi GB 4. Kwa sababu hiyo, kamera inaporekodi mfululizo bila kusimamishwa, hulazimika kufunga faili moja na kufungua jingine yenyewe, ingawa wewe huoni dalili yoyote kwenye kioo chake. Ukirekodi kwa kiwango cha juu cha megabiti 24 kwa sekunde, ambacho ni sawa na megabaiti 3, GB 4 hujaa baada ya dakika 22 au zaidi kidogo, na ndiyo maana mruko wako unakuja kwa vipindi vinavyokaribiana. Mkato huo haufuati mwisho wa neno wala mwisho wa picha. Kipande cha mwisho cha sauti hubaki kwenye faili linalofuata, na maelezo ya kuunganisha yamehifadhiwa kwenye folda nyingine za kadi, siyo ndani ya yale mafaili ya MTS uliyoyachukua.

Rudi kwenye kadi, na safari hii nakili folda yote inayoitwa PRIVATE pamoja na kila kilichomo, bila kubadili jina la chochote. Programu iliyokuja na kamera hiyo inajua kuviunganisha vipande hivyo. Kama huna programu hiyo, unaweza kuviunganisha kwenye dirisha la amri la Windows kwa amri ya copy /b, ukitaja mafaili kwa mpangilio wake na kuweka alama ya kujumlisha kati yake. Mathalani copy /b 00003.MTS+00004.MTS babu.MTS. Njia hii inafaa tu kwa vipande vya urekodi mmoja ambao hukuusimamisha. Ukishapata faili zima, ndipo ulilete kwenye programu ya kuhariri, na utasikia lile neno la babu likiwa limekamilika.

Ile mistari ya kitana siyo ubovu wa kamera. Kamera nyingi za AVCHD hurekodi nusu picha: kwanza mistari ya witiri, kisha mistari ya shufwa, jumla nusu 50 kila sekunde. Mkono wa mchezaji haubaki mahali pamoja kati ya nusu moja na nyingine, kwa hiyo kompyuta inapozionyesha zote mbili kwa wakati mmoja, kingo zinachanika. Kwenye Kdenlive au Shotcut, programu za kuhariri video ambazo zote hupatikana bure, panga mradi uwe wa picha nzima na uchague njia ya kuondoa mpishano wa mistari. Ile iitwayo YADIF inatosha. Lifanye hilo kabla ya kupunguza ukubwa wa picha, kwa kuwa ukipunguza mistari ikiwa bado imo, inayeyuka na kuingia ndani ya picha, na hapo hakuna programu itakayoitoa. Kwa ngoma, chagua fremu 50 kwa sekunde, kwa sababu kila nusu hugeuzwa kuwa picha kamili na mwendo wa mabega na miguu unabaki laini kama macho yalivyouona. Babu ameketi, fremu 25 zinamtosha.

Sasa flashi. Inakataa kwa sababu ileile ya FAT32, wala haihusiani na nafasi iliyopo. Unaweza kuipanga upya kwa mfumo wa exFAT, jambo ambalo litafuta kila kilichomo, lakini runinga nyingi za zamani haziusomi mfumo huo, na sidhani ungependa wazee wakusanyike halafu kioo kibaki cheusi. Ukilazimisha saa mbili ziingie ndani ya GB 4, utabaki na megabiti 4.4 tu kwa sekunde, picha na sauti pamoja, na hapo ndipo ngoma itakapoharibika.

Naomba uniruhusu nieleze kwa nini ngoma, na siyo babu. Mbano wa H.264, yaani njia ya kupunguza ukubwa wa video, hauhifadhi kila picha nzima. Huhifadhi picha moja kamili mara kwa mara, kisha kwa zile zinazofuata huandika mabadiliko tu. Mzee aliyeketi kwenye kiti mbele ya ukuta habadiliki sana kati ya fremu na fremu, hivyo biti chache humtosha. Lakini wewe umerekodi ufukweni, ambako nyuma ya wachezaji kuna maji ya ziwa, na kila kiwimbi kinachometa ni badiliko jipya katika kila fremu, huku vumbi na mavazi navyo vikidai sehemu yao. Biti zikipungua, maji hugeuka kuwa vigae vya mraba na nyuso za wachezaji hupoteza sura. Nimeyaona hayo kwenye video nyingi za harusi zilizopigwa karibu na maji hapa Mwanza, na huwa inanisikitisha, kwa sababu kazi ya mpiga picha ilikuwa nzuri na imeharibiwa wakati wa kutoa faili, yaani kulitengeneza faili la kutazama kutoka kwenye programu ya kuhariri.

Kwa hiyo ningefanya video mbili. Ngoma ningeikata ibaki dakika 40, kisha ningeitoa kwa megabiti 12 kwa sekunde, ambazo ni GB 3.6. Simulizi la babu nisingelikata hata dakika moja, pamoja na pale anaponyamaza kukumbuka jina la mtu. Saa nzima kwa megabiti 6 ni GB 2.7. Hesabu ni nyepesi: gawa megabiti kwa 8 upate megabaiti, kisha zidisha kwa sekunde. Toa kwa MP4, picha ya H.264 ya biti 8 na sauti ya AAC. H.265, iliyotoka mwaka 2013, hubana zaidi, lakini runinga nyingi za zamani haziifungui.

Kama kompyuta yako ni dhaifu na picha inakwama unapohariri, washa nakala nyepesi (proxy), ambazo programu zote mbili nilizozitaja zinaziruhusu. Utakata ukitumia nakala hizo, na wakati wa kutoa, programu itarudi yenyewe kwenye mafaili asilia. Kitu cha kuepuka ni kutoa faili, kuliingiza tena na kulitoa upya kwa ajili ya marekebisho madogo, maana kila mbano unatupa kitu ambacho hakirudi. Fungua mradi, rekebisha, toa upya kutoka kwenye asilia. Kumbuka pia kwamba faili la mradi halibebi video ndani yake. Linakumbuka tu mahali zilipo, hivyo usihamishe folda katikati ya kazi. Kutoa kunaweza kuchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati utaanza upya. Tumia kompyuta mpakato yenye betri nzima, au UPS, yaani kifaa cha akiba ya umeme. Kadi uifute pale tu utakapokuwa na nakala za asilia kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanakwaya wa Nansio, Ukerewe. Tulirekodi ibada kwa simu, na sauti tukaichukua kando kwa kinasa sauti kidogo. Mwanzoni midomo na sauti vinakwenda pamoja, lakini kufikia dakika ya 30 sauti imetangulia kwa nusu sekunde. Vilevile, nyimbo tulizoimba nje zimejaa mvumo wa upepo. — Mwanakwaya, Nansio.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Mwanga ukipungua ndani ya kanisa, simu huweza kupunguza fremu, ilhali programu ya kuhariri inadhani zote zimeachana sawasawa. Ipitishe video hiyo kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua idadi ya fremu isiyobadilika, na uweke ubora wa RF 18 (namba ikiwa ndogo, ubora huwa mkubwa) ili hasara iwe ndogo. Nimemwonya ndugu wa Igoma dhidi ya kubana mara mbili, lakini hapa nakubali, kwa kuwa bila hatua hii utahangaika kusogeza sauti hadi mwisho wa ibada.

Ikibaki tofauti baada ya hapo, inatokana na saa ya kinasa sauti na saa ya simu kutokwenda kwa kasi moja. Nusu sekunde ndani ya sekunde 1,800 ni karibu asilimia 0.03, hivyo punguza kasi ya sauti hadi asilimia 99.97, na hakuna sikio litakalogundua. Siku nyingine, mtu mmoja apige makofi mara moja mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni, upate alama mbili za kulinganisha.

Upepo ni mgumu zaidi. Kichujio kinachokata sauti za chini ya hezi 80 kitaondoa sehemu ya mvumo, ila usipande zaidi ya hapo, kwa sababu waimbaji wa besi hushuka hadi karibu na hezi 82 na utawanyamazisha. Pale ambapo upepo ulizidi nguvu ya maikrofoni hadi sauti ikapasuka, hakuna dawa. Rekodini asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza kuvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvike maikrofoni kofia ya manyoya.

SWALI: Nina kaseti sita za MiniDV za mwaka 2003. Niliunganisha kamera kwa waya wa USB, nikapata picha ndogo na mbaya. Je, kaseti zimeoza? — Mwalimu mstaafu, Kirumba.

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Sidhani kama zimeoza. Kwenye kamera nyingi za aina hiyo, USB iliwekwa kwa ajili ya picha za mnato au video ndogo. Mkanda wenyewe hutoka kupitia tundu lililoandikwa DV, yaani FireWire, ambalo Sony huliita i.LINK. Utahitaji kompyuta yenye tundu hilo, au kadi yake ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya mezani. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja kuingia, na hujaza takribani GB 13. Hifadhi mafaili hayo ya DV kama yalivyo, na MP4 uitoe kama nakala ya kutazama tu. Zungusha kila kaseti hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, na usogeze kile kidude cha kuzuia kurekodi kilicho mgongoni mwake. Anza na ile usiyoijali sana, kwa sababu kamera iliyokaa kabatini miaka mingi yaweza kutafuna mkanda. Ikipita salama, endelea na zile tano.