Sikiliza Stata Inalia Lini Kabla Hujaifungua

Wewe unayeanza ufundi wa magari ya zamani, stata (mota ya kuwashia injini) ikipiga kelele usikimbilie kuing'oa wala kumwambia mwenye gari anunue nyingine. Mwambie awashe, wewe usimame pembeni usikilize jambo moja: mlio unatokea wakati gani.

Stata ikilia kwa sauti nyembamba na kali inapozungusha injini, na injini ikawaka vizuri, mara nyingi gia yake ndogo imekaa mbali mno na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Mlio ukija injini ikishawaka, pale ufunguo unapoachiwa, gia imekaribia mno na inachelewa kutoka. Kwa sikio la mgeni milio hiyo inafanana, lakini tiba zake zinapingana, ndiyo maana nasisitiza wakati. Stata ikivuma kwa kasi huku injini imetulia tuli, hilo ni jambo lingine: tazama klachi ya stata (inayoshikanisha gia ndogo na mota) au meno yaliyokwisha.

Anza na umeme. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, na unapopiga stata isishuke chini ya 9.6. Solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya umeme iliyo kwenye stata, ikikosa nguvu husukuma gia nusunusu, meno yakasagana, ukadhani stata imekaa upande. Fungua pia waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi uone kama kuna kutu chini ya kichwa chake.

Sasa chomoa waya wa negativu wa betri, weka gari juu ya stendi (jeki peke yake haitoshi kabisa) na uitikise stata kwa mkono. Kagua bolti. Baadhi ya stata hutumia bolti zenye shingo nene yenye mistari, inayojaa tundu barabara. Shingo hiyo ndiyo inayoiweka stata mahali pake. Ukikuta mtu amepachika bolti ya kawaida, itakaza vizuri tu, lakini stata itahama kidogo kila inapovuta. Stata nyingine hushikwa na ukingo wa mviringo unaoingia kwenye nyumba ya giaboksi. Hapo safisha kutu na rangi, maana uchafu kidogo unatosha kuipinda.

Unapoishusha, vikianguka vibati vyembamba usivitupe. Andika kila kimoja kilikaa bolti gani. Kwa stata inayofungwa kutoka chini, ukiongeza kibati kwenye bolti zote mbili gia inakwenda mbali, ukipunguza inasogea karibu. Gia ikiwa imeingia kwenye flaiwili, stata nyingi za aina hii zinataka kama nusu milimita kati ya ncha ya jino na bonde linaloikabili, ila kitabu cha gari ndicho cha kufuata. Pima sehemu kadhaa, kwa sababu flaiwili iliyopinda hukupa vipimo tofauti.

Meno yenyewe yakague yote. Weka gia nyutro, zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli huku unachungulia kwa kurunzi kupitia tundu la stata. Injini ya silinda 4 ikizimwa hupenda kusimama sehemu mbili zilezile, kwa hiyo meno ya hapo huliwa kabla ya mengine. Ndiyo sababu gari linawaka safi asubuhi na kusaga jioni. Ukikuta hivyo, vibati havitasaidia kitu.

Kwa Volkswagen Beetle, ongeza mambo mawili. Ncha ya shafti ya stata hukaa kwenye bushi (kipete kinachoishikilia izunguke bila kuyumba) iliyo ndani ya nyumba ya giaboksi, na bushi ikilika hata stata mpya itakwenda upande. Kisha hesabu meno ya flaiwili: ya gari la volti 6 ina 109, ya gari la volti 12 ina 130, na stata ya moja haiendi na flaiwili ya nyingine.