Ukitaka kumwelewa Mrusi wa leo anzia tarehe 9 Mei

Mhariri, wiki hii mmeuliza Warusi wanajiona ni kina nani na hiyo picha yao inaingiaje kwenye siasa. Mi nilisoma Voronezh, jiji la kusini-magharibi mwa Urusi, kwa miaka kadhaa na hili swali nimeishi nalo muda mrefu, jibu langu ni kwamba shika kwanza tarehe 9 Mei, siku yao ya Ushindi dhidi ya Ujerumani ya Hitler mwaka 1945, mengine utayaelewa ukipitia hapo. Huku kwetu tukibishana watu wanataja Kanisa la Orthodox, wanataja matsari, yaani wafalme wao wa zamani, wanataja ukubwa wa nchi, na ni kweli vyote vimo, tangu 1833 Uvarov, waziri wa elimu wa Tsar, alishaandika kwamba nguzo za nchi ni tatu, dini ya Orthodox, utawala wa Tsar na utaifa, na ukisikiliza hotuba za Kremlin leo hizo nguzo bado zinasikika. Ila Mrusi wa kawaida anayegombania basi asubuhi haamki akimuwaza Uvarov, na kanisani wengi wao hawaendi sana. Nyumbani kwake lakini kuna picha ya mtu aliyekufa vitani.

Tuongee kuhusu hiyo vita kidogo maana huku tunaijua kwa juu juu. Muungano wa Kisovieti ulipoteza watu karibu milioni 27 kati ya 1941 na 1945, wanajeshi na raia. Leningrad, St Petersburg ya leo, ilizingirwa na Wajerumani siku 872 watu wakafa kwa njaa ndani ya nyumba zao, kaka yake Putin mwenyewe alifia humo akiwa mtoto mdogo. Voronezh nilikosoma mimi, mstari wa mapambano ulipita katikati ya jiji, Wajerumani ng'ambo hii ya mto, Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, ng'ambo ile, kuanzia Julai 1942 mpaka Januari 1943, na walipofukuzwa sehemu kubwa ya majengo yalikuwa kifusi.

Hosteli kwetu kulikuwa na mama mtu mzima wa mapokezi, tulimzoea tukawa tunamwita bibi. Baba yake alipotea vitani 1942, karatasi waliyoletewa iliandika tu hajulikani alipo, basi, hakuna kaburi wala siku ya kifo. Ikifika 9 Mei gwaride la kwenye TV halikumhusu, alikuwa anaitoa picha ya baba yake anaiweka mezani pale mapokezi, mbele yake glasi ndogo ya vodka, juu ya glasi kipande cha mkate mweusi, na hakuna mtu anayeigusa. Nilimuuliza mama yake alikuwa anasimulia nini kuhusu vita, akasema hakuwa anasimulia chochote, ukimuuliza analia halafu anarudi jikoni kumenya viazi. Hilo mtu asilichezee. Ni msiba wa kweli, na karibu kila familia niliyoingia kule ilikuwa na wake.

Sasa angalia serikali ilivyoutumia. Juni 1945 walifanya gwaride kubwa Red Square, lakini kufikia 1948 Stalin akaifanya 9 Mei kuwa siku ya kazi kama nyingine, na ikabaki hivyo mpaka 1965 Brezhnev, kiongozi wa Kisovieti wa wakati huo, alipoirudisha kuwa sikukuu, halafu 1967 wakajenga Kaburi la Askari Asiyejulikana pembeni ya Kremlin. Yaani karibu miaka 20 ya mwanzo siku hiyo ilikuwa ya wafiwa na wapiganaji wenyewe, wanakutana, wanakunywa, wanalia. Sherehe kubwa za dola zilikuja baadaye, wakati imani ya ukomunisti imeanza kupoa na viongozi wanatafuta kitu kingine cha kuwashika watu.

Halafu 1991 nchi ikavunjika. Sisi huku tunaisoma kama habari ya kisiasa lakini kwao ilikuwa akiba ya maisha kuyeyuka, mishahara kutolipwa miezi, maprofesa kuuza nguo sokoni, na Agosti 1998 benki zikaanguka tena wakati watu ndo wanaanza kupumua. Hata kujiita nani ikawa shida. 1996 rais Yeltsin aliwaagiza watu watafute wazo jipya la taifa, eti lipatikane ndani ya mwaka mmoja, halikupatikana. Wimbo wa taifa wakauchukua wa Glinka, mtunzi wa muziki wa karne ya 19, ambao haukuwa na maneno, kwa hiyo mwanamichezo anasimama uwanjani wimbo unapigwa yeye kafunga mdomo, hana cha kuimba. Putin alipoingia moja ya vitu vya mwanzo alivyofanya, Desemba 2000, ni kurudisha muziki ule ule wa Kisovieti, na maneno mapya akayaandika Sergey Mikhalkov, mzee yule yule aliyeshiriki kuandika ya enzi za Stalin. Kuna watu walipinga sana, ila wengi walifurahi. Jiulize kwa nini.

Kwa sababu ukiyaweka pembeni mapinduzi ya 1917, ukamweka pembeni Tsar, Stalin, Gorbachev na Yeltsin, ambao kila mmoja ana wanaompenda na wanaomchukia, kinabaki kitu kimoja tu ambacho mkomunisti, padri, mliberali wa Moscow, Mtatari wa Kazan na mvuvi wa Vladivostok wote wanakubaliana nacho, kwamba babu zetu walimshinda Hitler. Hapo ndipo utaifa wa sasa umejengwa, na mwenye kuihodhi hiyo kumbukumbu anakuwa ameihodhi nchi.

Mfano ulioniumiza zaidi ni ule wa Tomsk, jiji la Siberia. Mwaka 2012 waandishi watatu wa kituo cha TV2, kituo binafsi, walianzisha kitu wakakiita Kikosi cha Milele, wazo ni rahisi, kila mtu abebe picha ya ndugu yake aliyepigana, mtembee pamoja, hakuna bendera za vyama, hakuna nembo za makampuni, hakuna picha za wanasiasa. Ikapendwa nchi nzima maana iliwarudishia watu wafu wao. Kufikia 2015 Putin anatembea mbele ya umati Moscow kabeba picha ya baba yake, wafanyakazi wa serikali na wanafunzi wanapangwa kwenda, na TV2 yenyewe mwanzoni mwa mwaka huo huo ilikuwa imeshaondolewa hewani.

Miaka hiyo hiyo mambo yalienda mbio. 2014 sheria ya jinai ikaongezwa kifungu cha kumshtaki mtu kwa kusema uongo kuhusu matendo ya Sovieti kwenye vita, na anayeamua kipi ni uongo ni dola. 2020 katiba ikabadilishwa ikaandikwa kwamba nchi inalinda ukweli wa historia, na mwaka huo huo nje ya Moscow likafunguliwa kanisa kuu la majeshi, ngazi zake zimetengenezwa kwa chuma cha silaha za Wajerumani zilizoyeyushwa, kuba kuu lina kipenyo cha mita 19.45 ili uone 1945 ukiinua macho. Dini, jeshi na kumbukumbu vimekaa ndani ya jengo moja. Desemba 2021 Mahakama Kuu ikaifuta Memorial, shirika lililokuwa linaandika majina ya waliouawa na kufungwa na Stalin, na mwendesha mashtaka akahoji mahakamani kwa nini sisi kizazi cha washindi tuone aibu na kutubu. Sasa hao waliofia Kolyma, kwenye kambi za wafungwa za Stalin, si babu zao pia?

Na kuna raia wa Urusi ambao hiyo hadithi haiwatoshi. Tarehe 23 Februari ni sikukuu ya jeshi, wanaume wanapewa zawadi, lakini tarehe hiyo hiyo mwaka 1944 ndo Wachecheni na Waingushi, makabila ya Kaukazi, kwa amri ya Stalin walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo wakapelekwa Asia ya Kati, na walikuwepo wenye watoto wao wanapigana Jeshi Jekundu muda huo huo. Mzee wa Kichecheni afanye nini siku hiyo? Nchi ina makabila zaidi ya 190, lakini 2018 lugha zao zikafanywa somo la hiari shuleni, na Septemba 2019 msomi wa Kiudmurt, Albert Razin, akajichoma moto mbele ya bunge la jimbo lake kule Izhevsk kwa uchungu wa lugha yake kufa.

Ukishayajua hayo, Ukraine inaeleweka jinsi ilivyouzwa kwa wananchi, sisemi inahalalishika. Julai 2021 Putin aliandika makala ndefu kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja, Februari 24, 2022 akatangaza anaenda kuwaondoa Wanazi. Angesema anaenda kuongeza ardhi wangemsikiliza wachache, aliposema Wanazi akawa kaingia moja kwa moja kwenye ile picha ya bibi wa hosteli. Wakati mamilioni ya Waukraine walipigana na kufa kwenye Jeshi Jekundu hilo hilo, na ndugu zangu wanaosema Urusi ilitusaidia kwenye ukombozi wa kusini mwa Afrika wakumbuke aliyesaidia alikuwa Msovieti, na wengi wa wazee wetu waliopelekwa masomoni walisomea Kiev, Kharkiv na Odessa, miji ya Ukraine.

Kama Putin akiondoka hali itabadilika? Haraka hapana, kwa maoni yangu. Tangu Septemba 2022 kila Jumatatu wanafunzi wanaanza na kipindi cha uzalendo, tangu 2023 kitabu cha historia cha darasa la 11 kina sura ya vita vya Ukraine, na kuna shule zina dawati lenye picha ya askari aliyefia huko, mwanafunzi anayefanya vizuri ndo anapewa nafasi ya kulikalia. Huyo mtoto atakuwa mpiga kura, mwalimu, afisa wa jeshi miaka 20 ijayo. Kitu kinachonipa moyo kidogo ni kwamba wale waliokuwa Memorial bado wanaendelea kukusanya majina, wengine wakiwa nje ya nchi, na zipo familia zinazotafuta mafaili ya babu zao waliopigwa risasi na utawala wa Stalin 1937 kwa bidii ile ile wanayotafutia kaburi la aliyepotea 1942.