Washa kwanza, alafu tuongee bei

Swali lenu la wiki lilikuwa: unaponunua au kuuza kitu kilichotumika, bei ya haki unaijuaje? Wengi watajibu habari ya magari na simu, mi nitajibu habari ya mashine za gemu za zamani, PlayStation na Nintendo na zile Sega, kwa sababu ndo kazi yangu hapa Busia upande wa Uganda, mwaka wa tisa sasa, nina meza, TV moja nene ya kichogo, na bisibisi zangu.

Jibu langu ni hili. Bei ya haki ni ile ambayo muuzaji anaitaja pamoja na ugonjwa wa kitu, na mnunuzi anaskia yote mawili kabla hajatoa pesa. Bei peke yake bila ugonjwa mi siihesabu kama bei.

Hii nilijifunza kwa pesa yangu mwenyewe. Kabla sijajua kutengeneza nilinunua PlayStation 2, yaani PS2, ile nene, kwenye duka moja Kampala, nikatoa 200,000 za Uganda, wakaniwashia pale pale, gemu ya mpira ikacheza vizuri kabisa, nikapanda taxi nayo mapajani mpaka Busia nikiwa na furaha ya ajabu. Wiki ya tatu ikaanza kukataa diski. Leo inasoma, kesho haisomi, alafu ikanyamaza kabisa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee, akaifungua mbele yangu, akaniambia kijana sogea uone, akashika tochi akamulika pembeni ya lenzi inayosoma diski, pale kuna viskrubu vidogo sana, kama punje ya wimbi, na hivyo ndo vinapanga nguvu inayoenda kwenye leza. Vyangu vilikuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi, inang'aa. Mzee akanieleza: lenzi ikizeeka mwanga wake unafifia, sasa mtu akizungusha hapo kidogo leza inasukumwa kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, inasoma kila kitu kama mpya, lakini inajiunguza yenyewe, na baada ya muda mfupi inakufa. Aliyeniuzia alijua. Alijua itawaka mbele yangu na alijua haitafika mbali. Nilirudi kule dukani, nauli kwenda na kurudi, nikaambiwa mali ikishatoka hairudi, na sikupata hata shilingi.

Kwa hivyo mtu akija mezani kwangu, anunue au auze, tunawasha kwanza. Na nawasha na diski mbili, hii watu wengi hawaijui. PS2 inasoma CD na inasoma DVD, gemu zake kadhaa za mwanzo zilitoka kwenye CD zenye mgongo wa bluu, nyingi zikatoka kwenye DVD za rangi ya fedha, na lenzi inaweza kushindwa aina moja huku nyingine inasoma bila shida. Muuzaji mjanja atakuwekea ile inayosoma. Wewe weka zote mbili, na usikubali dakika mbili, cheza dakika ishirini mashine ipate joto kwa sababu magonjwa mengi yanajitokeza joto likipanda. Memori kadi nayo, hifadhi gemu, zima, washa tena, uone kama imekumbuka. Pedi, zile za kushika mkononi ukicheza, achia vijiti vyote uangalie kama mchezaji anatembea mwenyewe bila kuguswa.

Baada ya hapo ndo hesabu, na mi naifanya kwa sauti mtu askie. PS2 nzima yenye pedi mbili, memori kadi na nyaya zake nauza 220,000. Ukiniletea ambayo lenzi imekufa, lenzi mpya mpaka inifikie ni 45,000, kazi yangu 20,000, pedi moja kijiti kimelegea toa 15,000, na mimi lazima nibaki na kitu kidogo cha kulipia meza, kwa hivyo nitakupa 100,000. Kuna vijana wanaona hiyo ni ndogo, na wako huru kwenda kuuliza kwingine, lakini hakuna aliyewahi kuondoka hapa hajui hiyo laki imetoka wapi. Na sitakudanganya eti mashine yako ni takataka ili unipunguzie. Lenzi ikifa mashine haijafa, zile nene ukiwa na kile kipande cha mtandao cha kuchomeka nyuma zinakubali hard disk ukacheza gemu bila diski, na kuna memori kadi za kuwasha gemu kutoka kwenye flashi, ingawa tundu la flashi la PS2 ni la zamani na liko polepole, video za katikati ya gemu zinakatika katika. Hiyo pia namwambia anayenunua, kwa sababu kuna watu wanauza "PS2 ya flashi gemu hamsini" kwa bei ya juu na hawasemi neno juu ya video kukatika.

Kuna na zile za Japani. PS2 iliyouzwa Japani inataka umeme wa volti 100, sisi ukutani tuna 240. Ukiichomeka hivi hivi bila transfoma inalipuka fyuzi au pawa saplai yote inaenda, na ukishaskia ile harufu umeshachelewa. Pindua nyuma usome kabla ya kulipa, imeandikwa. Ikiwa ni ya volti 100 bei ya transfoma itoke kwenye bei ya mashine, isikuangukie wewe baadaye.

Na hapa mpakani kuna hili la pesa mbili. Mtu anakwambia "elfu saba" na hasemi za wapi, mkishashikana mikono ndo unaambiwa za Kenya, na ya Kenya moja ni kama ya kwetu ishirini na nane hivi. Taja bei na taja pesa. Inachukua sekunde moja tu, na imeshaharibu urafiki wa watu ninaowajua.

Sasa habari ya intaneti. Mwaka 2021, mwezi wa saba, Marekani kuliuzwa kwenye mnada kaseti moja ya Super Mario 64, gemu ya mashine ya Nintendo 64, kwa dola milioni moja na laki tano na zaidi, na picha ile ilizunguka kwenye simu zetu mpaka leo bado inazunguka. Kijana mmoja akanijia na Nintendo 64 ya mjomba wake, kaseti ya Mario iko ndani, amevaa shati safi, amekuja kuiuza ili nyumba ya mama yake itoke hapo. Iliniuma kumwambia. Ile ya mnada haijawahi kufunguliwa, iko kwenye nailoni yake ya kiwandani, imepimwa na watu wa kupima hali ikapewa karibu alama zote. Ya kwake karatasi ya mbele imechanika na nyuma kuna jina limeandikwa kwa biro. Kaseti ya namna hiyo ni kaseti ya kuchezea, ina thamani, ndiyo, lakini ya kuchezea. Tukakaa naye tukaangalia eBay, lile soko la mtandaoni, pamoja kwenye simu yangu, nikamwonyesha tofauti ambayo ningependa kila mtu aijue: kuna bei mtu ameandika, na kuna bei mtu amelipa. Mtu anaweza kuandika anachotaka, hata mwaka mzima kitu kikae pale. Chuja uone zilizouzwa tu, hapo ndo ukweli ulipo, alafu punguza bei kama huna boksi, punguza kama huna kitabu, na ukumbuke huyo mnunuzi yuko Ohio kule Marekani, hayuko Busia. PS2 kwa mfano zilitengenezwa kwa zaidi ya miaka kumi na miwili na zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kwa hivyo mtu akikwambia yake ni adimu muulize adimu kivipi.

Najua kuna wanaosema bei ni makubaliano tu, wawili wakikubaliana basi imeisha, hakuna haki ya kutafuta hapo. Nimebishana na jirani yangu wa meza juu ya hili siku nyingi sana. Mi namwambia yule wa Kampala nilikubaliana naye, hakunishika kisu, nilihesabu noti kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini mimi nilikubali PlayStation inayofanya kazi na yeye alikuwa anauza lenzi ya wiki tatu. Tulikuwa tunaongea vitu viwili tofauti kwa jina moja, sasa makubaliano yako wapi hapo? Na inageuka upande wa pili pia, mnunuzi akijua na muuzaji hajui. Hiyo ndo ngumu zaidi kwangu maana mi ndo ninayejua mara nyingi.

Mwaka jana mama mmoja alikuja na Game Boy Advance SP, gemu ya mkononi ya Nintendo, ile ndogo ya kukunja, imefungwa kwenye kitambaa, binti yake alirudi nayo kutoka Marekani zamani. Akaniambia mwanangu nipe elfu arobaini nilipie mahindi ya mbegu. Nikaifungua nikawasha, kioo kikatoa mwanga mweupe sawasawa kote, nikaipindua nikasoma kale kakibandiko nyuma: AGS-101. Nyingi ni 001, kioo chake kinamulikwa kutoka mbele na rangi zimefifia, 101 zilikuja baadaye na mwanga unatoka nyuma ya kioo, na wanaozitafuta wanalipa karibu mara mbili. Nilikuwa na elfu arobaini mfukoni, nilishaishika kabisa. Nikamwambia mama, hii si ya arobaini, mi mwenyewe naweza kuiuza laki mbili na zaidi kidogo kwa mtu wa Nairobi, nikikupa laki na nusu bado mi nimepata. Akaniangalia kwa muda. Akaniuliza kama bado inacheza gemu vizuri, nikamwambia inacheza, betri tu ndo imechoka. Akaikunja, akaifunga tena kwenye kitambaa chake, akasema basi kama ni kitu cha maana hivyo anampelekea mjukuu.

Juzi alipita kuulizia chaja. Ya SP ina kichwa chake, haiingiliani na ya simu. Ninayo moja, imetumika, waya umekunjika karibu na kichwa, nikamwonyesha pale palipokunjika, nikamwambia 15,000 za Uganda.