Makocha wapya, msimkatie mteja chakula kwa sababu ya mzani wa Jumatatu

Kocha mpya anafungua daftari la mteja, anakuta uzito umepanda kilo moja na nusu tangu juzi, na papo hapo anapunguza kalori. Kila msimu ni hivyo hivyo. Wapendwa, mnawaumiza watu bure.

1. Apime asubuhi, baada ya haja, kabla ya kunywa chochote, mzani ukiwa juu ya sakafu ngumu. Mnalijua, lifanyeni.

2. Nusu lita ya maji huongeza nusu kilo papo hapo, bila kalori hata moja. Chakula kigumu hutoka tumboni kwa saa kama 4, ila mabaki yake huweza kukaa utumbo mpana siku nzima, hata tatu. Anayeongeza nyuzinyuzi hubeba mzigo zaidi humo, na hajanenepa.

3. Hapa ndipo mnapoharibu. Tuseme mteja wa kilo 72.0 amebana wanga wiki nzima, Jumapili akala akashiba, Jumatatu mzani unasoma 73.6. Pigeni hesabu kabla ya kumlaumu. Gramu 1 ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa mwilini, hushika takriban gramu 3 za maji. Gramu 200 zikirudi kwenye misuli na ini, tayari ni gramu 800. Chumvi ya ziada gramu 3 hushikilia maji kama mililita 300 hadi figo ziitoe. Nusu kilo iliyobaki bado iko njiani, tumboni na utumboni. Ili kilo 1.6 ziwe mafuta, angepaswa kula kalori zaidi ya 12,000 juu ya matumizi yake. Nani anazimaliza kwa siku moja? Ukimkatia chakula, maji yatatoka kufikia Alhamisi, nawe utaamini dawa yako imefanya kazi. Yeye atakuwa amejifunza kuiogopa sahani, na kumtoa hofu hiyo huchukua miezi. Kinyume chake ni kilekile: anayeacha wanga hushuka kilo 1 hadi 2 wiki ya kwanza, nyingi ni maji. Mwambieni mapema, asije akakata tamaa wiki ya tatu.

4. Tumieni wastani wa siku 7. Kwa mwanamke, linganisheni na siku zilezile za mzunguko wa hedhi uliopita.

5. Mazoezi mapya mazito huvuta maji kwenye misuli kwa siku chache. Lakini aliyeharisha akashuka kilo 2 kwa siku moja amepoteza maji na chumvi: apewe ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), aonwe na daktari, na uzito wa siku hiyo usiingie kwenye wastani.